Mama anaumwa nyongo: afunguliwe tumbo hapa, au tumpakie basi tufuate matundu Dar?

SWALI

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake na simu inakaribia kuzima, kwa hiyo utanisamehe nikiruka maneno.

Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari cha siku nyingi, na kazi yake ni kukaanga samaki sokoni. Jumamosi tulikuwa harusini, akala pilau vizuri tu. Saa nane za usiku akaniamsha ameshika tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, maumivu yanazunguka mpaka mgongoni karibu na bega. Tukampa dawa zake za vidonda vya tumbo, maana huu ni mwaka wa pili anaambiwa ana vidonda. Safari hii hazikufua dafu. Jumapili akatapika kutwa. Jumatatu ikaingia homa ya kutetemeka, tukadhani malaria, kipimo kikaonyesha hana. Jumanne ndipo tukamfikisha hospitali ya mkoa.

Wakampiga utrasaundi, wakasema mfuko wa nyongo umejaa mawe, umevimba, na ukuta wake umekuwa mnene. Sukari ilisoma 19. Wamemtundikia dripu, wanamchoma antibayotiki na insulini, hali kitu. Leo Jumatano daktari wa upasuaji katuita, akasema kesho asubuhi atamfungua tumbo auondoe huo mfuko. Akatupa fomu ya kusaini.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka yangu mkubwa yuko Dar. Kapiga simu anafoka kwamba tusisaini chochote, kwamba siku hizi nyongo haitolewi kwa kupasua tumbo, kuna upasuaji wa matundu madogo, mtu anaingia leo anatoka kesho. Bosi wake alifanyiwa, wiki iliyofuata yuko kazini. Hapa hawana mashine hiyo. Anataka tumwombee mama ruhusa, tupande basi la alfajiri. Mama mdogo naye kaja na chupa ya mafuta ya zeituni na ndimu, anasema mawe yatatoka yenyewe chooni. Na mama mwenyewe kaniuliza jambo moja tu: mtu asiye na nyongo anaishije?

Daktari si mkali, ila ana haraka, namwonea haya kumuuliza maswali ya watu wasiosoma. Nisaini au tusafiri?

Binti wa Kusini

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba binti huyu sikumwacha asubiri safu itoke. Nilimpigia usiku uleule, tukaongea mpaka simu yake ikakata. Ninayoyaandika hapa ni marefu kuliko tuliyoyasema, na nimeyaandika kwa sababu ugomvi wa familia hii nimeuona kwenye korido nyingi. Mimi si daktari wa upasuaji. Nilikuwa sista wa thieta, yule anayempa daktari mkasi kabla hajauomba, na nilianza kazi wakati kila nyongo inatolewa kwa kufungua tumbo, nikastaafu wakati vijana wanaitoa huku wakitazama luninga.

Nianze na kaka, kwa sababu hajakosea. Ungeniuliza swali lako bila kunitajia basi, homa wala sukari ya 19, ningekujibu kwamba matundu ni bora. Kufungua tumbo ndiyo njia ya kale: Carl Langenbuch alimtoa mgonjwa mfuko wa nyongo huko Berlin mwaka 1882, na kwa miaka mia moja na ushee dunia nzima ikafuata njia yake, mkato wa mlazo chini ya mbavu za kulia, urefu wa kiganja au zaidi. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akautoa kwa kupenyeza vyombo kwenye vitundu. Wenzake walimbeza alipowaeleza. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa anajifunza.

Lakini hata walioipenda njia mpya waliiogopa nyongo iliyovimba. Nyongo tulivu, yenye mawe yasiyosumbua leo, hiyo sawa, tumia matundu. Nyongo iliyoshika moto, yenye usaha, hapana, fungua. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka 1998 madaktari wa Finland wakachapisha utafiti uliowapa watu moyo: wagonjwa 63 wenye nyongo iliyovimba vibaya, wengine hata imeanza kuoza, wakagawanywa kwa bahati nasibu. 32 walipangiwa matundu, 31 wakafunguliwa. Upande wa matundu hakuna aliyepata madhara makubwa, upande wa kufunguliwa walipata 7. Wa matundu walipumzika nyumbani wastani wa siku 14, wa kufunguliwa siku 30. Kaka yako akisoma hapa atapiga meza na kusema si niliwaambia. Asubiri kidogo. Kati ya wale 32, watano ilibidi wafunguliwe tumbo hapohapo mezani, kwa sababu kwa matundu kazi haikuwezekana. Na hao walikuwa mikononi mwa madaktari wazoefu, kwenye hospitali yenye kila kitu. Kwa hiyo hata angefika Dar salama, fomu atakayosaini kule ingekuwa na mstari unaosema huenda tukafungua.

Sasa nikueleze kinachotokea humo ndani, kwa sababu ukikielewa utaona kwa nini nilikuuliza ni siku ya ngapi kabla sijakuuliza ni hospitali gani.

Umewahi kuona mbuzi anachinjwa. Anayechuna akifika kwenye ini hupunguza kasi, anatafuta kile kifuko cha kijani, anakikata taratibu, mara nyingine na kipande cha ini kidogo, anakitupa mbali. Akikitoboa nyama imeharibika, na ndiyo maana tunasema mambo yametumbukia nyongo. Kifuko hicho ndicho alichonacho mama. Kimekalia ini, kinahifadhi nyongo ambayo ini linatengeneza, na ukila mafuta kinajikamua kuitoa. Jiwe likiziba shingo yake, kinajikamua bure. Ndiyo maumivu ya usiku baada ya pilau. Jiwe likirudi ndani, maumivu yanaisha baada ya saa chache na watu wanasema ni vidonda vya tumbo. Nina hakika kubwa kwamba ile miaka miwili ya vidonda ilikuwa mawe, ingawa siwezi kuapa.

Safari hii jiwe limegoma. Nyongo imefungiwa, ukuta unavimba, damu inapita kwa shida, vijidudu vinaingia. Siku mbili tatu za mwanzo uvimbe ule una majimaji, na kwa daktari hilo ni afadhali, maana nyama zinaachana zikivutwa. Siku zinavyokwenda, majimaji yanageuka gundi. Mafuta ya tumbo yanakuja kuufunika mfuko kama mtu anayefunika sufuria inayoungua, utumbo nao unashikana. Mimi nimeona mfuko uliotakiwa kuwa kama yai dogo laini umekuwa kama papai bovu, umekaza, mweusi upande mmoja. Huwezi kuushika kwa kibanio mpaka kwanza uutoboe kwa sindano ndefu unyonye maji yake.

Na hatari yenyewe haiko kwenye mfuko. Iko kwenye mirija. Upo mrija mwembamba unaotoka kwenye mfuko, huo ndio unaofungwa na kukatwa. Na upo mrija mkuu unaoshusha nyongo ya ini lote mpaka utumboni, huo haukatwi kabisa. Wakati wa uvimbe hiyo miwili inashikana kiasi kwamba hata mzoefu anaweza kuichanganya. Kwenye upasuaji wa matundu, mrija mkuu hujeruhiwa kwa wagonjwa kama 3 hadi 5 katika kila 1,000. Kihistoria kwa kufungua ilikuwa pungufu ya hapo. Idadi ni ndogo, lakini anayepatwa anaweza kuishia kurudi mezani mara kadhaa. Ndiyo maana kuna kanuni wanayofundishwa vijana: usikate chochote mpaka uone vitu viwili tu vinaingia kwenye mfuko, mrija wake na mshipa wake wa damu, na nyuma yake unaona ini. Usipoviona, simama. Fungua tumbo, au kata sehemu ya mfuko unayoifikia uache iliyoganda, au mwite mkubwa wako. Daktari niliyemheshimu kuliko wote alikuwa yule aliyekuwa haoni aibu kusema "nafungua" baada ya dakika arobaini za kuhangaika na kamera. Ndugu wakiambiwa hivyo nje wanaguna kana kwamba amefeli mtihani. Hajafeli.

Kwa hiyo matundu ni nini hasa? Ni kazi ileile kwa mlango mwingine. Mfuko unaotolewa ni huohuo, nusukaputi ni ileile. Wanatia hewa ya kaboni dioksidi tumboni ili liinuke kama hema, wanapenyeza kamera kitovuni na vyombo kwenye vitundu vingine vitatu hivi. Kamera inaona vizuri kuliko jicho langu lililokuwa linachungulia begani kwa daktari, ila mkono haupapasi. Kwa kufungua ni kinyume chake: unaona kwa taabu, lakini vidole vinajua. (Siku vifuko maalumu vya kutolea nyongo vilipokosekana, nilikata kidole cha glovu safi ya thieta, tukautia mfuko na mawe yake humo, ukatoka kitovuni bila kumwaga. Wanaodhani matundu ni mambo ya mashine tupu wajue na hilo.)

Faida ya matundu inaonekana baada ya hapo. Kovu dogo, maumivu kidogo, mtu anavuta pumzi bila kushika ubavu, kwa hiyo mapafu hayajai makohozi. Kidonda kinachooza ni nadra, na kwa mwenye kisukari hilo si jambo dogo. Ngiri ya kwenye mshono nayo inakuwa adimu. Bega linaweza kuuma siku mbili kwa sababu ya ile hewa, wengi hushtuka wakidhani ni moyo. Aliyefunguliwa atakaa wodini siku nyingi zaidi, na kazi nzito aiache kama wiki sita. Hayo ndiyo mama atakayoyakosa akisaini pale alipo, na sitaki kukudanganya kwamba ni madogo.

Ila yaweke kwenye mizani na basi. Ugonjwa ulianza usiku wa kuamkia Jumapili. Alhamisi ni siku ya tano. Madaktari wanataka nyongo ya namna hii itolewe mapema, ndani ya wiki moja hivi, na kila siku inayopita gundi inazidi. Mwaka 2013 ulitoka utafiti ulioongozwa na Wajerumani, wagonjwa 618. Nusu walipasuliwa ndani ya saa 24 tangu wafike hospitali, nusu walipewa antibayotiki kwanza na kupasuliwa kuanzia siku ya 7 hadi ya 45. Waliosubiri walipata madhara 34 kati ya kila 100, waliowahi 12. Na wale waliosubiri walisubiri wakiangaliwa na madaktari. Hawakuwa siti ya nyuma ya basi, bila dripu, bila insulini, kutwa nzima barabarani, halafu wakifika kituoni wakaanze kupanga foleni ya mapokezi, kurudia vipimo na kutafuta kitanda. Kaka anahesabu safari ya siku moja. Mimi nahesabu siku tatu mpaka mama alale mezani, na siku ya nane ya nyongo iliyooza hata kwenye hospitali yenye kamera mbili huenda akafunguliwa tumbo vilevile.

Kisukari ndicho kilichonitia hofu zaidi. Kwa mgonjwa wa kisukari mfuko huoza haraka, na mara nyingine maumivu yanapungua ndugu wakashukuru, kumbe ukuta umekufa. Kama kesho mama angesema amepata nafuu huku homa haishuki, msingefurahi. Ingebidi mkamwite daktari.

Sikumwambia binti asaini. Nilimwambia arudi kwa yule daktari mwenye haraka na amuulize mambo matatu, na ayaulize kwa heshima bila kuona haya, kwa sababu fomu ile inataka jina lake. Kwanza, mama akipelekwa kwenye matundu, je, upo uwezekano wa rufaa ya kweli: gari la wagonjwa lenye muuguzi na dripu, na daktari wa kule amekubali kwa simu kumpokea na kumpasua siku hiyo au inayofuata? Kama ndiyo, na hali yake inahimili, basi rufaa ni jambo la kufikiria na wala si dharau kwa hospitali ya mkoa. Pili, yeye mwenyewe amezifungua nyongo ngapi? Daktari wa mkoani mara nyingi amezifungua nyingi kuliko kijana wa jijini aliyekulia kwenye kamera, na mkono uliozoea njia yake ni salama kuliko chombo kipya kwenye mkono mgeni. Tatu, mama asipopasuliwa kesho, wana mpango gani na homa hii? Kwa mgonjwa dhaifu mno asiyeweza hata nusukaputi, kuna kupitisha mpira mwembamba ubavuni ukanyonya usaha, apate ahueni kwanza. Kwa anayehimili upasuaji, mpira si mbadala mzuri: Waholanzi walipowalinganisha wagonjwa 142 walio katika hatari kubwa, matokeo yao waliyachapisha 2018, wenye mpira walirudi na matatizo mara nyingi zaidi kuliko waliotolewa mfuko.

Kuhusu mama mdogo. Mwambie kwa upole chupa airudishe jikoni. Yale "mawe" ya kijani yanayoelea chooni baada ya kunywa mafuta ya zeituni na ndimu yalipimwa, jarida la Lancet likaandika mwaka 2005: yalikuwa sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yenyewe. Mawe ya nyongo halisi yako palepale. Na kwa mgonjwa ambaye jiwe limeshaziba, kumnywesha mafuta ni kuuambia mfuko ujikamue tena. Mbaya zaidi, anatakiwa kulala njaa kabla ya nusukaputi.

Na swali la mama mwenyewe, ambalo kati ya yote ndilo lililonigusa. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, mfuko ni ghala tu. Ghala likiondoka, nyongo inatiririka yenyewe mpaka utumboni, kidogo kidogo, mchana na usiku. Wapo wanaoharisha kidogo wiki za mwanzo wakila mafuta mengi, kwa wengi inapoa. Anaweza kula nazi, anaweza kula nyama. Mnong'oneze sikioni kabla hajaingizwa, mtu anayeogopa thieta husikia zaidi neno kama hilo kuliko takwimu zangu.

Jumamosi nilipata ujumbe. Daktari alikaa nao kwenye benchi lilelile robo saa, akampigia mwenzake Dar, kitanda kingepatikana wiki inayofuata. Binti akasaini, na kaka akasikiliza yote kwenye spika. Alhamisi mama alifunguliwa, mfuko umekutwa umeanza kuwa mweusi pembeni, mawe 23. Kaka alishuka kwenye basi Ijumaa, amekaa kitandani kwa mama anayahesabu upya. Homa imeisha, sukari 9, anakunywa uji. Anauliza lini atarudi sokoni.

Wiki sita, mwanangu, na beseni la samaki alibebe mwingine.